Omena aliwe na watu kwanza

Mhariri,

Mjadala kuhusu bei ya chakula cha kuku umemsahau mlaji wa omena, yaani dagaa. Sehemu kubwa ya omena wanaovuliwa Ziwa Victoria husagwa kuwa chakula cha mifugo, na hapo tunapata hasara isiyoonekana katika daftari la mfanyabiashara.

Nishati ya ziwa huanzia kwenye jua. Mwani huinasa, vijidudu wa majini hula mwani, omena hula vijidudu hao, na mbuta, yaani sangara, humla omena. Katika kila hatua, kwa makadirio ya kawaida, ni kama asilimia 10 tu ya nishati inayosalia katika mwili wa mlaji. Nyingine hupotea kama joto au hutoka na kinyesi. Kuku ni hatua ya ziada tuliyoiongeza wenyewe. Hata akilishwa kwa ustadi na kupunguza hasara hiyo, hawezi kurudisha mezani chote alichokula. Isitoshe, omena huliwa mzima na mifupa yake yenye kalisi, ambayo watoto wetu wanaihitaji.

Siwalaumu wafugaji, nami nafuga. Omena wengi huishia viwandani kwa kuwa walianikwa mchangani, wakanyeshewa, wakaharibika. Serikali za kaunti za kandokando ya ziwa zijenge vichanja na vikaushio vya jua katika fuo za wavuvi. Nasi wafugaji tusaidiwe kupata soya, mashudu ya alizeti, na mabuu ya nzi wanaokuzwa kwa mabaki ya masoko kama Kibuye.

Mfugaji,
Kisumu