Pwani ina misimu, hebu iandikeni

Mhariri, salaam.

Mi ni mama wa mtaa wa Barani hapa Malindi, kazi yangu kuchora, sanasana ndege na wadudu, na ukurasa wenu wa hali ya hewa naufungua kila asubuhi kabla hata ya siasa maana ndo unaonambia kama rangi itakauka leo au nitakaa kuipepea. Sasa nina neno na ukurasa huo. Mwaka mzima ni yale yale, Malindi, jua na mawingu, nyuzi 30 na kitu, basi. Mtu wa bara akisoma si atadhani huku hakuna msimu, ni joto tu Januari mpaka Disemba, na wateja wangu wengi wanavyonambia ni hivyo hivyo.

Karibuni uani kwangu basi. Ua wenyewe mdogo, kuna mkungu mmoja (mti wa kungu, si mkungu wa ndizi), mpapai, mishubiri kwenye madebe ya rangi, tenki la maji na kamba ya nguo, juu unapita waya wa stima. Kaskazi ikishika, kuanzia Disemba hivi, rangi ya maji inakauka kabla brashi haijafika upande wa pili wa karatasi, inabidi nichore alfajiri. Ndo wakati wa keremkerem wekundu, wale wenye kichwa cha kijani na buluu na mkia mrefu, wanakaa kwenye waya wanavizia nyuki, jioni wanaelekea zao mikokoni upande wa Mida kulala. Aprili ikifika hawapo, washarudi kaskazini kuzaa. Na waya ule ule, kusi likianza kuvuma, anakalia keremkerem mwengine kabisa, wa kijani mwenye utosi wa kahawia, huyu anatoka Bukini, yaani Madagaska, anakimbia kipupwe cha kwao. Mi nikitazama tu rangi ya aliyekaa pale juu, kalenda ya nini?

Masika ndo kasheshe. Karatasi inavuta maji hewani inakunjamana, naiweka chini ya godoro usiku ndo inyooke, na bado unakuta madoadoa ya ukungu pembeni. Lakini siibadilishi masika na msimu wowote kwa sababu ya jongoo. Najua wengi mnamchukia, nyumbani kwangu pia wanapiga kelele, ila hebu mtazame akipita sakafuni taratibu. Kila pingili ina miguu minne, ukiacha zile chache za mbele, na haiendi yote pamoja, inapita mfano wa mawimbi kutoka nyuma kuja mbele, wimbi moja halijafika kichwani lengine lishaanza, na mwili wenyewe juu umetulia tuli hata hautikisiki. Nimejaribu kuchora ule mwendo mara sijui ngapi, nikiuchora vizuri anaonekana ana ukungu, nikichora mguu mmoja mmoja anaonekana amekufa. Ukimgusa anajikunja duara hapo hapo, na kazi imeisha.

Masika hayo hayo plot ya jirani ambayo haijajengwa nyasi zinapanda mpaka kiunoni, na kuna kindege wa jamii ya mnana ambaye Februari ni wa kahawia, humtofautishi na jike wala shomoro, basi nyasi zikipata maji dume anabadilisha manyoya anakuwa mwekundu kwa mweusi anajirusha juu ya nyasi akijionyesha. Huyo mwenye plot akianza kujenga sijui watakwenda wapi, na siwezi kumlaumu, plot ni yake. Wakati huo ukishuka ufukweni bahari nayo imegeuka chai ya maziwa kwa udongo unaoletwa na mto Sabaki kutoka huko bara.

Kunguru sijawasahau, hao hawana msimu. 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni 1, na mimi niliyekuwa nawachora kwa raha zangu, maana ile shingo ya kijivu ni nzuri bwana, nilifurahi, kwa sababu chozi anayejenga kwenye mpapai wangu makinda yake yanaliwa na hao hao wageni wa kutoka India.

Vuli ikaribiapo ndo wanaingia kereng'ende wa manjano, wanazagaa juu ya kamba ya nguo makumi kwa makumi, na wataalamu wanasema wapo wanaovuka bahari nzima kutoka India wakipitia Maldivi wakisukumwa na upepo. Mdudu wa urefu wa kidole! Nikiwaona hao naanua nguo kambani, najua mvua iko njiani.

Sasa juzi mtoto wa jirani kaja na homuwaki, achore misimu ya mwaka, na kwenye kitabu chake mna theluji, mna mtu kavaa koti, mna mti unapukutisha majani mekundu. Akaniuliza, shangazi, mti huu nitauona wapi. Nikamwambia geuka. Mkungu ulikuwa nyuma yake, majani mekundu chini tele, na popo walikuwa washadondosha kungu kwenye mabati usiku kucha tukakosa usingizi. Akachora huo. Mwalimu alisema nini sijui, bado hajanambia.

Kwa hivyo ombi langu, mhariri, kando ya hizo nyuzi wekeni na upepo, kwamba sahivi ni kaskazi au ni kusi au ndo tanga mbili, pale pepo hizo zinapopishana, na mstari mmoja wa nani ameingia na nani ameondoka. Wavuvi watausoma, mi nitausoma. Michoro nitaleta mwenyewe, penseli tupu, haili wino. Ila tafadhali msiweke ile picha ya ndege wa Ulaya aliyetua kwenye barafu mkaandika chini yake Pwani.

Mchoraji,
Barani, Malindi