Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Kyela

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

YAH: UZIO ULIOSHUKA MPAKA MAJINI UFUKWENI MATEMA

Salaam kutoka Uyole, tunakoandika barua tukiwa na makoti.

Sisi wa nyanda za juu tukitamani ufukwe huwaza Dar es Salaam, basi la alfajiri, kufika usiku. Kumbe Ziwa Nyasa, la tatu kwa ukubwa Afrika, liko hapo chini tu, ukishateremka Tukuyu na kupita Ipinda. Mimi na wanangu huenda Matema kwa shughuli ambayo majirani wanaiona ya kitoto: kuokota magamba ya konokono.

Usicheke, Mheshimiwa. Miezi ya upepo wa kusi mawimbi husafiri kutoka kusini na kuja kumwaga mzigo kwenye mchanga wa Matema. Ukiwahi asubuhi, kabla dagaa wa hapa, usipa, hawajaanikwa, unakuta mstari wa magamba pale maji yalipoishia usiku. Mapya ni ya kahawia. Yaliyopigwa na jua yamekuwa meupe, ukiyabana yanavunjika. Wapo konokono wanaoitwa Lanistes: shika gamba lake ncha ikiwa juu na mlango, tundu anakotokea konokono, ukikutazama; mlango uko kushoto, wakati konokono wengi mlango wao uko kulia. Mwanangu wa pili hakubali gamba liingie mfukoni mpaka alikague mlango.

Na wala si takataka. Huko ziwani magamba matupu ya Lanistes ni makazi. Kuna samaki wadogo wa Nyasa wanaojificha humo wakiona hatari. Ndiyo maana sisi tunachukua ya kujaza kiganja, tena yale ya nchi kavu.

Safari hii tumekuta seng'enge. Imetoka kwenye kiwanja cha mtu, ikakata mchanga, nguzo ya mwisho imesimama ndani ya maji. Kijana wa ulinzi alikuwa mpole: "Mama, huku ni kwa wageni." Nikamuuliza, na sisi ni nani? Akacheka, akatuelekeza tuvue viatu tuzunguke nguzo kwa majini.

Hapo ndipo paliponikera. Kichocho humwingia mtu kupitia ngozi akiwa majini, na vimelea vyake hutoka kwa konokono walio hai, hasa jua likiwa kali mchana. Mtoto anayeokota magamba kwenye mchanga mkavu hana la kuogopa. Uzio ule ndio unaomtia majini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwenye kiwanja simjui, na huenda hakuna aliyewahi kumweleza. Basi aelezwe. Tunaomba utume mpima ardhi na futi kamba, vigingi viwekwe, na njia ya watu wote kutoka barabarani hadi mchangani ijulikane.

Ukipata nafasi, weka na bango pale sokoni Lyulilo, jirani na Matema, ambako Jumamosi watu hujaa kununua vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa huku ziwani. Liseme habari ya kichocho, na liseme magamba yaokotwe kwa kiganja, si kwa gunia.

Najua watakuja wa kukwambia kwamba ufukwe bila baa na spika hauingizi mapato. Muziki tunao Mbeya mjini, hadi kero. Anayefunga safari mpaka Matema anafuata maji, Milima ya Livingstone na ukimya, na kwa hayo analipa chumba, analipa samaki, analipa mtumbwi wa kumpeleka kijiji cha Ikombe.

Shule zikifungwa mwezi wa sita tutateremka tena. Natumaini nguzo ile nitaikuta imerudi nyuma mita 60. Ikiwa 59, Mheshimiwa, utapata barua nyingine.

Wako,
Mama wa watoto watatu,
Uyole, Mbeya