Barua kwa Rehema: habari za Sora wa Tashkent

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila joto la Tanga linatumaliza. Barua yako imenifika. Yale maneno ya mjomba wako, kwamba mwanamke kupanda jukwaani ni uhuni, yamenichekesha kwanza, kisha yakaniudhi. Ngoja nikusimulie habari za mtu, la kumjibu utalipata mwenyewe.

Anaitwa Sora Eshonto'rayeva, ingawa Warusi humwandika Sara Ishanturaeva. Alikuwa mwigizaji wa Uzbekistan, nchi ya Asia ya Kati ambayo mji wake mkuu ni Tashkent; alizaliwa 1911. Tamthilia ya kisasa ya Kiuzbeki ilikuwa bado changa mno: ile inayohesabiwa ya kwanza ilionyeshwa Samarkand, mji mwingine wa huko, mwaka 1914, na kwa miaka kadhaa baadaye nafasi za kike zilichezwa na wanaume. Wanawake wa mijini wakitoka nje walijitanda paranja, joho la kuanzia kichwani hadi miguuni, na usoni wakateremsha chachvon, wavu mweusi uliofumwa kwa singa za farasi. Singa za farasi, shoga, katika kiangazi cha Tashkent!

Sora alihitimu mwaka 1927 katika studio ya waigizaji wa Kiuzbeki iliyokuwa Moscow. Mwaka huohuo, tarehe 8 Machi, serikali ya Kisovieti, iliyotawala huko, ilianzisha Hujum, kampeni ya kuwavua wanawake paranja, na wanawake wakawa wanachoma paranja hadharani. Mimi na baibui langu sitaki serikali inivalishe wala inivue, nawe wanijua. Lakini amri ilitolewa na wakubwa, na waliochinjwa ni wanawake. Tursunoy Saidazimova, mwimbaji na mwigizaji aliyesoma naye Moscow, aliuawa na mumewe mwaka 1928, hata miaka ishirini hajafika. Mwaka uliofuata Nurxon, mcheza ngoma wa mji wa Margilan, akauawa na kaka yake wa kuzaliwa naye.

Sora hakushuka jukwaani. Aliolewa na mwongozaji Mannon Uyg'ur, na walipoicheza Hamlet ya Shakespeare mwaka 1935 akawa Ofelia, msichana anayependwa na Hamlet. Aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiuzbeki ni mshairi Cho'lpon. Mwalimu Nyerere alimfasiri Shakespeare akiwa kiongozi wa nchi, sisi tukampigia makofi. Cho'lpon alipigwa risasi mwaka 1938, akaitwa adui wa umma.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni Othello, nyingine ya Shakespeare, waliyoicheza 1941. Abror Hidoyatov ndiye Othello, Sora ndiye Desdemona, mwongozaji ni mumewe. Unajua mwisho wake: mume anaingia chumbani usiku, wivu umemjaa, mke kitandani anaomba japo aachiwe usiku ule mmoja tu. Sasa mweke Sora pale kitandani, aliyesoma na Tursunoy. Na watazamaji ni watu wa Tashkent, ambao hawakuhitaji kuelezwa mke anauawaje. Kila walipoicheza alilala pale, akakabwa, akafa, pazia likafungwa, akainuka kuwainamia watazamaji. Sijui kama mimi ningeweza hata mara mbili.

Alicheza pia Jamila, yule binti wa maskini anayetwaliwa na tajiri katika tamthilia ya mwandishi Hamza. Hamza mwenyewe aliuawa 1929, na jumba lao la maonyesho likaja kupewa jina lake. Mwaka 1951 Sora akapewa cheo cha Msanii wa Umma wa Umoja wa Kisovieti, ambacho ndicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote kwa msanii wa huko. Mannon alifariki 1955. Sora mwenyewe akafariki 1998, bibi wa miaka themanini na kitu.

Mjomba usibishane naye sana, ni mzee na ndiye atakayekupa nauli ya kwenda mazoezini. Mpelekee tiketi ya kiti cha mbele, basi. Na niandikie haraka umepewa nafasi gani. Wakikupa ya mama mkwe tena, kataa. Ulishaicheza mara nyingi mno.

Wako,
Mwanaisha