Stesheni ndogo za reli ya Kisumu zilindwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wakuu wa reli na wa Makavazi ya Kitaifa wazitazame stesheni ndogo zilizo kati ya Nakuru na Kisumu. Tangu treni ya abiria irejee Desemba 2021, sifa zote ni za Kisumu. Kipkelion, Fort Ternan, Muhoroni na Kibigori hazitajwi, ilhali ndizo zilizozaa miji yetu.

Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, ilikuwa imepanda Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha ikateremka hadi kama mita 1,130 Kisumu. Huo ni mteremko mkali. Mabonde yalivukwa kwa madaraja ya chuma ya American Bridge Company kutoka Marekani. Injini za mvuke zilihitaji maji na kuni kila baada ya mwendo, na palipokuwa na stesheni pakaja duka, soko, hatimaye mji. Miwani, kiwanda cha kwanza cha sukari nchini, kilianza mwaka 1922 kando ya reli hiyo hiyo, na miwa ingali ndiyo riziki ya watu wengi wa huku.

Uchungu wake nao usifichwe. Wanandi waliipinga reli kwa miaka, wakichukua nyaya za simu na vyuma vyake, hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa Oktoba 1905. Vibarua kutoka India kama 2,500 walikufa katika ujenzi wa reli yote tangu Mombasa. Abiria anayeshuka Kibigori au Muhoroni anastahili kuyasoma hayo ukutani, kwa Kiswahili, Kinandi na Dholuo.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza majengo kuwa turathi katika gazeti rasmi la serikali. Naomba autumie kwa stesheni hizi kabla ya ardhi yake kumegwa vipande na mabati yake kung'olewa. Lakini jengo lililofungwa huoza haraka, hata likiwa na kibao cha serikali. Kwa hiyo pawe na karani wa tikiti, ratiba ibandikwe mlangoni, na akina mama wanaouza ndizi na maziwa wapewe kivuli cha baraza. Fort Ternan, ambako mwaka 1961 Louis Leakey alipata visukuku vya takriban miaka milioni 14, ingefaa kuwa ya kwanza, kwa kuwa wageni wana sababu mbili za kushuka hapo.

Msomaji wako,
Muhoroni