Mama aliyeachilia katika The Stone Sky hakushindwa

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Kakamega aliyelalamika kwamba The Stone Sky, riwaya ya tatu na ya mwisho ya N. K. Jemisin kuhusu dunia inayopasuka, imezimika kama koroboi iliyoishiwa mafuta taa. Anasema alingoja vita akaletewa mama anayenyamaza. Ambaye hajaimaliza airuke barua hii, maana nitafichua mwisho.

Nilifundisha jiografia miaka 31 katika kaunti hii ya Nakuru. Nimewapandisha wanafunzi wengi mlima wa volkeno wa Menengai hadi ukingoni mwa shimo lake kuona mvuke ukifuka kule chini. Kwetu ni Subukia. Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ilitikisika huko kwa kipimo cha 6.9, na marehemu baba, wakati huo mtoto wa kibarua kwenye shamba la setla, alitusimulia hadi uzeeni. Kwa hivyo hadithi inayoiita Dunia baba, tena baba mwenye kinyongo, sikuiona ngeni.

Jambo moja namkubalia mwenzangu: sura za Syl Anagist, ule mji wa kale, zinachosha. Nilizisoma nikisinzia, nikarudi nyuma mara mbili. Lakini ukiziruka hutajua Dunia ilikasirishwa na nini. Watu wa mji ule walitaka kufyonza nguvu za kiini chake wasiishiwe milele, na kazi hiyo wakawabebesha viumbe waliowaunda wenyewe kisha wakawanyima utu. Mpango ulipoharibika, Mwezi ukapotea.

Sasa huyo mama. Essun alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mwenye kipawa cha kuamsha na kutuliza mitetemeko. Akijulikana tu, roho yake iko hatarini. Binti yake Nassun alikirithi kipawa hicho, na mama akamfunza kwa siri. Siku moja akamvunja mkono makusudi, apime kama mtoto ataweza kujizuia akiwa na maumivu. Ndivyo alivyofanyiwa yeye mwenyewe utotoni na mlinzi aliyemwambia kwamba anampenda.

Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kuangalia ng'ombe.

Mimi nilianza kazi zama za kiboko. Kilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001, nilinung'unika na wenzangu katika ofisi ya walimu kwamba watoto watatupanda kichwani. Binti yangu alisoma darasani mwangu miaka miwili, na nilimchapa kuliko wenzake ili nisisemwe kwamba ninampendelea. Siku za matokeo alikuwa akificha mikono chini ya dawati kabla sijaita jina lake. Nilimwona, nikaliita jina vilevile.

Mwishoni mwa riwaya, Essun na Nassun wanakutana upande wa pili wa dunia, kila mmoja akivuta nguvu zilezile. Mama anataka kuurudisha Mwezi, mtoto ana nia yake nyingine. Essun anaelewa kwamba wakiendelea kushindana, mtoto atakufa. Anaachilia. Mwili wake wote unakuwa jiwe Nassun akitazama, na mtoto yule, ambaye sasa hana wa kumshurutisha, anaurudisha Mwezi mwenyewe. Mwenzangu anaona kwamba hiyo ni kushindwa. Vita alivyovitaka vilianza zamani, siku ule mkono ulipovunjwa, na aliyepaswa kuacha kwanza ni mtu mzima.

Riwaya zote tatu zilishinda tuzo ya Hugo ya riwaya bora, inayotolewa kwa hadithi za kisayansi na za kubuni za ajabu, 2016, 2017 na 2018, na hakuna mwandishi aliyekuwa amefanya hivyo miaka mitatu mfululizo. Hilo silitaji ili kumnyamazisha mtu. Hata mimi nina lawama yangu: kurasa za mwisho kabisa, Essun anapoamka tena katika umbo jipya la jiwe na kupata rafiki wa kutembea naye. Ningemwacha pale pale alipogandia. Mwandishi amemhurumia kupita kiasi, au pengine mimi ndiye ninayemwonea wivu.

Vitabu vyote vitatu nimevifunga kwa gazeti nikavituma kwa matatu hadi Kisumu, anakofanya kazi binti yangu. Jana alipiga simu kusema amevipata. Akaniuliza kama mahindi yameota.

Mwalimu mstaafu,
Subukia, Nakuru