Anayenunua kwa kupima haokolewi na ushauri wa kujibana

Ndugu Mhariri,

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma magazetini na kusikia redioni ushauri mwingi kwa familia kuhusu namna ya kukabiliana na kupanda kwa gharama za maisha: panga bajeti, nunua mahitaji ya mwezi mzima kwa mkupuo, weka akiba. Ushauri huo unamfaa anayepokea mshahara mwisho wa mwezi. Wengi wetu huku Mbagala, yaani mama lishe, vibarua, wachuuzi na vijana wa bodaboda, hupata fedha kwa siku na kuzitumia siku hiyohiyo, na kwa sababu hiyo karibu kila kitu tunakinunua kwa kupima. Naomba nafasi nieleze jinsi hali hiyo inavyotufanya tulipe zaidi kuliko wenye nacho, na nini kinaweza kufanyika.

Tuchukue mafuta ya kula. Mtoto anatumwa dukani na kikombe na shilingi 500, mwenye duka anachota kwa kipimo kidogo kutoka kwenye ndoo, anammiminia, na mboga ya jioni inapikwa. Ikiwa lita moja inauzwa shilingi 6,000, lakini vipimo 14 vya shilingi 500 ndivyo vinavyoijaza lita hiyo, basi anayepima amelipa shilingi 7,000 kwa mafuta yaleyale. Sukari, sabuni ya unga na mkaa navyo huenda hivyohivyo. Simlaumu mwenye duka, kwani naye anatumia muda kuhudumia shilingi mia mia na mara nyingi ndiye anayetukopesha tunapokwama. Lakini ukweli unabaki kwamba tofauti hiyo hulipwa kila siku na yule asiyekuwa nayo.

Hasara haiishii kwenye bei. Kila mama anajua kwamba maharage yakilowekwa usiku kucha huiva upesi na kuokoa mkaa mwingi. Lakini ili uloweke maharage ya kesho, ni lazima uwe nayo leo. Mtu ambaye fedha yake inaingia saa kumi na mbili jioni hununua maharage makavu muda huohuo, huyabandika jikoni yakiwa vilevile huku watoto wakisubiri, na huongeza kopo la pili la mkaa kabla hayajaiva. Huyu hakukosa elimu ya kubana matumizi. Alichokosa ni ile siku moja ya kutangulia.

Gesi nayo inatuonyesha jambo hilohilo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na ni lengo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, maana moshi wa mkaa na kuni nimeuvuta maisha yangu yote. Hata hivyo, wapo majirani zangu wenye mitungi ya kilo 6 ambayo sasa imekaa mitupu chini ya kitanda, si kwa sababu hawaipendi gesi, bali kwa sababu kuijaza kunadai fedha nyingi kwa mara moja, wakati mkaa unapatikana hata kwa shilingi 1,000. Mita zinazomwezesha mteja kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu zimeshaanza kutumika jijini. Zingefika kwenye nyumba za kupanga za pembezoni, zingefanya kazi kubwa kuliko kugawa mitungi peke yake.

Lipo pia ambalo tunaweza kulifanya wenyewe. Katika mtaa wetu baadhi ya kaya tumeugeuza mchezo wa fedha kuwa mchezo wa chakula. Badala ya mmoja kupokea fedha taslimu kwa zamu, michango ya kila siku inakusanywa na mtunza hazina, na ikitimia tunanunua kwa pamoja gunia la mchele, maharage na dumu la mafuta la lita 20, kisha tunagawana kwa mizani mbele ya wote, kila mmoja akiona. Ugumu upo: anayeumwa au kukosa kibarua hushindwa kuchangia, nafaka ikikaa muda mrefu hushambuliwa na wadudu, na nauli ya kubeba mzigo lazima ihesabiwe kabla ya kusema kwamba tumepata nafuu. Tuliamua tangu mwanzo kwamba mzigo hautakopeshwa nje ya kikundi, na nadhani uamuzi huo ndio uliotuweka pamoja, kwa sababu vikundi vingi ninavyovijua vilivunjwa na madeni.

Kinachotusumbua zaidi ni kutojua bei. Bei kikomo za petroli na dizeli hutangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, na kila dereva anazijua kwa kichwa, lakini mama anayekwenda kununua gunia hufika sokoni akiwa hana pa kuanzia mazungumzo na dalali. Wakati mwingine bei inatajwa kwa debe, wakati mwingine kwa sado, yaani kopo la kupimia, na sado lililobonyezwa kitako halilingani na jingine. Ningewaomba viongozi wa masoko wahakikishe kwamba bidhaa zinazouzwa kwa uzito zinapimwa kwa mizani iliyohakikiwa, na bei ya kilo iandikwe mahali ambapo mnunuzi ataisoma. Kwako wewe, Ndugu Mhariri, ombi langu ni sehemu ndogo katika gazeti kila wiki, ya kuchapisha bei za jumla za mchele, unga, maharage na mafuta ya kula katika masoko kama Tandale na Tandika, zikiwa kwa kilo na kwa lita.

Mkazi wa Mbagala,
Dar es Salaam