Shukrani kwa mama wa chupa ya chumvi

Mama, uliondoka gulioni kabla hatujakuuliza jina, basi shukrani zetu zipokee hapa. Tangu enzi za mababu ukavu wa mahindi hupimwa kwa jino: punje ikilia “ka!”, pakia gunia. Wewe ukauliza kwa upole, jino la nani, la kijana au la babu? Wenye hoja ya “ndivyo tulivyozoea” wakabaki kucheka tu.

Kipimo chako tunakirudia kwa faida ya wengine. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tia mahindi hadi robo, kisha chumvi vijiko 2 au 3. Funga, tikisa dakika 2 hivi, iache dakika 15. Chumvi ikigandia kioo, unyevu umepita asilimia 15. Rudisha mahindi juani, juu ya turubai, siyo kwenye udongo. Isipogandia, unaweza kuhifadhi, ila kwa mifuko isiyopitisha hewa ongeza siku moja ya jua, maana humo yanatakiwa makavu zaidi. Wengi hukosea kwenye chumvi yenyewe: ikiwa imeshavuta unyevu wa hewa itadanganya, hivyo ianikwe kwanza.

Na ile desturi ya mahindi mabovu kuwapa kuku au kupikia pombe, ulikuwa mkali, na ulistahili. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kuchemshwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Punje zenye ukungu sasa tunazifukia.

Ahsante sana mama, Mungu akuzidishie.